Madoa meusi kwenye miwaridi: nilianzia dawa, kumbe tatizo lilikuwa mpira wa maji

Nina miwaridi minne nyuma ya nyumba, Tabata. Ilikuwa sita. Miwili imefia mikononi mwangu, na leo nataka nieleze ilivyokufa, maana karibu kila anayenitumia picha ya jani lenye madoa huniuliza swali lile lile: "Nipige dawa gani?" Na mimi nilianzia hapo.

Miche niliinunua Mwenge, kwa wale vijana wanaopanga maua kando ya barabara. Ilikuwa Februari, jua kali, majani yanang'aa. Masika yalipokolea, majani ya chini yakatoka madoa meusi, kama mtu kadondosha wino. Kando ya doa pakawa njano, kisha jani zima likageuka njano na kuanguka. Mei inakwisha, miti ilikuwa vijiti vitupu vyenye kishungi cha majani juu.

Kabla hujafanya lolote, chukua jani ulitazame kwenye mwanga. Doa jeusi lenye kingo za nyuzinyuzi, kama pindo la kitambaa kilichofumuka, ni la ukungu uitwao Diplocarpon rosae. Doa dogo la mviringo, zambarau pembeni na kijivu katikati, ni ukungu mwingine, Cercospora, na matunzo yake hayatofautiani sana. Unga mweupe kwenye majani machanga ni ubwiri unga. Vumbi la rangi ya chungwa chini ya jani ni kutu. Jani likiwa njano bila doa lolote, usikimbilie dawa ya ukungu. Huenda mti una njaa, au mizizi imekaa kwenye maji yaliyotuama.

Mimi sikutazama. Shemeji yangu wa Newala alikuja na mfuko wa salfa, ile wanayopulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga. Ilikuwa Januari, mvua za vuli zimeshapita na madoa yamerudi. Nikaipiga saa saba mchana, na kwa kiherehere changu nikaongeza mafuta ya mwarobaini juu yake. Salfa na joto la Dar la Januari haviivani, na salfa na mafuta ndiyo kabisa: acha angalau wiki mbili kati ya kimoja na kingine. Majani yaliyokuwa yamesalia yakaungua kama yamepitishwa pasi. Miti miwili haikuinuka tena. Shemeji hana kosa. Mikorosho yake hupuliziwa miezi ya baridi, na hakuniambia niitie mafuta.

Aliyenifungua macho ni bibi jirani, ambaye hajawahi kununua dawa ya maua maishani mwake. Mtaani kwetu maji ya bomba hutoka usiku. Basi saa nne usiku, mapipa yakishajaa, mimi huvuta mpira na kuimwagia miti yangu kuanzia juu hadi chini, nikifurahia harufu ya udongo. Bibi akiwa barazani kwake akaniuliza, "Mwanangu, hayo maua unayanywesha au unayaogesha?"

Nilicheka, lakini swali likanikaa. Vijimbegu vya ukungu huu havioti kwenye jani kavu. Vinahitaji jani libaki na maji kwa saa 7 hivi mfululizo. Mimi nalowesha saa nne usiku, jua linafika uani kwangu saa mbili asubuhi kwa sababu ya ukuta. Hizo ni saa 10. Halafu maji ya mpira yanapogonga majani yaliyoanguka chini, yanarusha vijimbegu kwenye majani mazima ya juu. Nilikuwa nautandaza ugonjwa mwenyewe, usiku baada ya usiku, halafu asubuhi nakwenda kuuliza dawa.

Siku hizi maji ya usiku yanaingia kwenye ndoo, na miti inanyweshwa asubuhi, kwa kopo, shinani. Ukisafiri, chupa ya lita moja na nusu iliyotobolewa kifuniko na kuchomekwa kichwa chini kwenye udongo inasaidia. Majani yaliyoanguka nayaokota yote na kuyatia kwenye kiroba cha taka. Hayaingii kwenye shimo la mboji, kwa kuwa ukungu hukaa humo ukingoja mvua. Chini ya miti nimetandaza makumbi ya nazi, ili matone ya mvua yasirushe udongo. Bora kuliko vyote, mmoja uliokuwa umebanwa kwenye kona ya ukuta niliuhamishia upande unaopata upepo wa kusi na jua la asubuhi. Huo ndio unaochanua kuliko mingine.

Napogoa kabla ya masika, nikiondoa matawi yanayosuguana katikati, na mkasi naufuta kwa spiriti kila ninapotoka mti mmoja kwenda mwingine. Naona uvivu, lakini nafuta.

Haya, dawa. Jani lenye doa halitapona, hata upige nini. Dawa nyingi za ukungu kazi yake ni kulinda jani ambalo bado halijaguswa, kwa hiyo hupigwa mvua zinapoanza, si miti ikishabaki vijiti. Kwenye maduka ya pembejeo Kariakoo utapata mankozebu, ile ya nyanya, na dawa za kopa, yaani shaba, wanazotumia wakulima wa kahawa. Kopa ina historia nzuri: wakulima wa Bordeaux, Ufaransa, walikuwa wakiipaka mizabibu ya kando ya njia mchanganyiko wa mrututu, ile chumvi ya bluu yenye kopa, na chokaa ili wapita njia wasiibe zabibu. Profesa Millardet akaona mizabibu hiyo haiugui, na mwaka 1885 akautangaza kuwa dawa. Mimi natumia kopa. Mankozebu nimeiacha kwa sababu nina watoto wanaocheza pale uani. Umoja wa Ulaya nao uliiondolea kibali mwaka 2020.

Ukinunua, nunua pakiti yenye lebo, si dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Pima kwa kipimo cha lebo, si kwa kizibo cha soda. Vaa glavu na barakoa, puliza asubuhi upepo ukiwa umetulia, na usisahau chini ya majani. Magadi soda wanayosifia watu huenda yakapunguza ubwiri unga. Kwa madoa meusi sikuona kitu.

Na wenzangu wa kikuba na maji ya waridi: ua la mti uliopigwa dawa lisiingie kwenye nywele, achilia mbali kwenye chai. Nimetenga mti mmoja usioguswa na dawa yoyote kwa kazi hiyo. Una madoa kidogo majani ya chini, nayanyofoa kila Jumamosi. Bibi jirani huja kuchuma hapo bila kuomba, na sijamwambia kitu.