Matairi yaliyokuja na gari: uyaache au uyang'oe?

Mkuu, nimeusoma uzi wako wote. Toyota IST yako ya 2005 imetoka bandarini, matairi yana kashata (yale meno ya mpira yanayogusa barabara) nene, kaka yako anasema hayo ni ya kiwandani kabisa kutoka Japani usiyaguse, fundi anasema ng'oa yote manne, na Desemba unataka kwenda nayo Mbeya ukiwa na familia. Walionitangulia wamegawanyika hivyo hivyo. Mimi nimeendesha gari za IT, zile zinazopita tu nchini kwenda nchi jirani, kwa miaka mingi, Dar mpaka Tunduma, na kazi ile haina mjadala wa matairi: gari unaondoka nalo lilivyoshuka melini. Zaidi ya kilomita 900 juu ya tairi ambalo hukulichagua, gari lenyewe ni la tajiri aliyeko Ndola au Lubumbashi ambaye hata sura humjui. Inabidi ujue kusoma ubavu wa tairi kabla hujawasha.

Nianze na kaka yako. IST ya 2005 haina tena tairi la kiwandani, labda spea iliyolala kwenye buti. Yale ya kiwandani yaliisha huko huko, yakaja mengine, nayo yakaisha. Uliyonayo leo aliyanunua mmiliki wa mwisho, au yadi iliyafunga ili gari litembee mpaka melini. Nimeshapokea gari ambalo kwenye picha za mnada lilikuwa na rimu za sporti, likashuka na rimu za chuma na matairi ya majina matatu tofauti. Kwa hiyo maneno "ya kiwandani" kwenye gari la mtumba tuyaweke pembeni, hayana kazi hapa.

Halafu hiyo kashata nene uliyoifurahia. Gari nyingi za Japani hutembea kidogo tu kwa mwaka, mwenyewe kazini anakwenda na treni, gari ni la sokoni na la wikiendi. Kashata haziliki, lakini mpira unazeeka vilevile kwa jua, joto na hewa. Ndiyo maana unaweza kukuta tairi lina meno marefu kuliko la teksi ya jirani yako na bado halifai hata kutoka Kimara. Kipara kila mtu anakiona, hata trafiki akiwa upande wa pili wa barabara. Uzee lazima uutafute.

Kuutafuta si kazi. Inama ubavuni mwa tairi, tafuta namba nne zilizo ndani ya kiduara kirefu. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3517 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2017. Mara nyingi namba hizo ziko upande mmoja tu, na kwa bahati mbaya upande wenyewe huwa wa ndani, kwa hiyo ingia kwenye shimo la gereji au piga jeki uchungulie. Soma tairi moja moja, usisome moja ukadhani mengine yanafanana. Wakati uko chini, bonyeza kwa kidole gumba katikati ya meno na pale ubavu unapokutana na kashata. Ukiona mipasuko midogo midogo inafunguka, tairi hilo limekauka. Kampuni kubwa kama Michelin hushauri tairi likifikisha miaka 5 ya matumizi likaguliwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka 10 tangu litengenezwe litoke hata kama sura yake nzuri. Kwa joto letu na safari ndefu, mimi siisubiri hiyo 10. Likipita 6 silipeleki mkoani na watu ndani. Mjini kwa mwendo wa foleni unaweza kulimalizia taratibu kama halina mipasuko.

Siku moja tulikuwa tunakaribia Ruaha Mbuyuni, mnajua joto la bonde lile saa nane mchana. Mwenzangu aliyekuwa mbele akaanza kuwasha indiketa za hatari. Usukani ulikuwa unatetemeka akifika 80, akishuka 60 unatulia. Tairi la mbele kulia, ukilitazama umesimama nje, safi kabisa, kashata zimejaa. Tulipolitoa tukakuta upande wa ndani una uvimbe, mpira umeachana na waya, na waya wenyewe zimeanza kuchungulia. Tairi lililozeeka hufa hivyo: joto linapanda, kashata inabanduka kwenye mkanda wa chuma, na usipousikiliza usukani, kinachofuata ni mlio. Kwa mwendo wa 100 na abiria wanne, mlio huo hutaki kuusikia.

Sasa jambo ambalo naona hakuna aliyeligusa kwenye uzi huu, na kwangu ni kubwa kuliko umri. Angalia kama ubavuni pameandikwa STUDLESS. Au jina kama Blizzak la Bridgestone, iceGuard la Yokohama, Winter Maxx la Dunlop. Hayo ni matairi ya theluji. Wenzetu wa Japani wana seti mbili, ya kiangazi na ya baridi, na gari likiuzwa mnadani wakati wa baridi linakuja na ile ya baridi. Utayatambua hata bila kusoma: kila jino limechanjwa vichanjo vyembamba vya kukunjakunja, vingi mno, na ukiweka kucha inazama. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye barafu. Kwenye lami ya Chalinze saa saba mchana unakuwa kama kifutio cha mwanafunzi, unasagika huku unauona. Gari linakuwa zito, kwenye kona mkia unachelewa kufuata, na mvua ikinyesha breki zinakwenda mbali kuliko ulivyozoea. Watu hudanganyika kwa sababu yanakuja na kashata ndefu na hayana kelele. Kama yako ni studless, hata yawe ya juzi, yatoe. Na ukiyakuta, fanya hisani nyingine: piga jeki uangalie kutu kwenye chasisi, bomba za breki na springi. Barabara za maeneo ya theluji humwagiwa chumvi, na gari lililokuja na viatu vya baridi huenda limeishi huko.

Swali la tairi la kiwandani kwa maana yake halisi linawahusu wanaochukua gari jipya, zero kilomita, na kuna mmoja hapo juu ameuliza kuhusu hilo. Mtengenezaji wa gari hachagui tairi kwa kufikiria barabara ya kijijini kwenu. Anataka unywaji wa mafuta utoke vizuri kwenye vipimo, kelele zisiingie ndani, uzito uwe mdogo, na bei anayonunulia kwa mamilioni iwe chini. Wakati mwingine tairi lenye jina lile lile dukani si lile lililo kwenye gari. Ndiyo maana matairi ya gari za Ulaya huwekewa alama: Mercedes MO, BMW nyota, Porsche N0, kuonyesha kwamba mchanganyiko huo ulitengenezwa kwa ajili yao. Tairi la kiwandani halina ubaya. Breki, usukani na springi vilipimwa nalo. Gari jipya la lami, yatumie mpaka yaishe. Kung'oa tairi la miezi mitatu kwa sababu mtu kijiweni amesema jina fulani ni kiboko ni kuchoma hela.

Na kiwanda mara nyingine kinajua kuliko sisi. Land Cruiser pickup za mfululizo wa 70 zimekuja huku na 7.50R16, tairi jembamba lenye tyubu. Vijana hawalipendi, wanataka pana lenye mbwembwe. Lakini tairi lile linabeba mzigo, linachana matope na kufika chini kwenye ardhi ngumu, na likipata pancha, kijana yeyote wa kijijini mwenye vyuma viwili na kiraka analiziba. Weka pana kisha ukwame porini, uone nani atakayelitoa kwenye rimu.

Kinyume chake ni Toyota Crown Athlete ya mfululizo wa 200. Kiwandani imetoka na 225/45R18. Piga hesabu: asilimia 45 ya milimita 225 ni kama milimita 101 za ubavu, basi, ndizo zinazosimama kati ya rimu yako na shimo. Royal Saloon ya mwili huo huo inavaa 215/60R16, ubavu wa milimita 129. Kwa mtu ambaye njia ya nyumbani ni matuta na mashimo, kushuka rimu ni uamuzi wa akili, ila hakikisha rimu ndogo inapita kwenye kalipa, vile vyuma vinavyobana diski ya breki, kabla hujalipa. Hapo tairi la kiwandani ni zuri kabisa, halijafika tu kwenye mtaa wake.

Turudi kwenye IST yako. Kama inavaa 185/65R15, mwisho wa hizo namba huwa kuna 88S au zaidi. 88 ni uwezo wa kubeba kilo 560 kwa tairi moja, S ni mwendo wa mwisho wa kilomita 180 kwa saa. Ukinunua, usishuke chini ya namba ya kiwandani, hasa ile ya mzigo, maana Desemba hiyo utapakia watu, mabegi, na mchele wa Kyela ukirudi. Wenye Probox na Hiace ndio wanaoumia zaidi hapa: anafunga tairi la gari dogo la abiria kwenye gari la mzigo kwa sababu kipenyo kimeingia, kisha analaumu barabara.

Kuhusu "ya Kichina". Kiwanda cha General Tyre Arusha kilisimama miaka mingi iliyopita, na Nairobi nao walifunga cha Sameer mwaka 2016, kwa hiyo karibu kila tairi jipya unaloliona dukani limevuka bahari, liwe limetoka China, India, Thailand au Japani. Mimi nachagua jipya la Kichina lenye tarehe ya mwaka huu kuliko la Kijapani lenye jina kubwa la miaka tisa. Na simaanishi la Kichina lolote lile. Soma tarehe hata kama ni jipya, kwa sababu kuna maduka yanayopanga matairi nje juani mwaka mzima na kuyapaka mafuta yang'ae. Ukipewa la mwaka juzi omba jingine, au punguziwe. Tairi la mtumba la Gerezani, hapa Dar, silikatai kwa mjini, lakini pitisha kidole ndani ya kila mfereji wa kashata. Kuna yanayochongwa upya kwa chuma cha moto: meno yanaonekana marefu, ila mfereji una kingo kali na chini yake mpira umebaki utando tu juu ya waya. La kuchonga usilichukue hata ukipewa bure.

Hela ikitosha mawili tu, fundi atataka kuyafunga mbele. Mwambie nyuma. Mkia ukiteleza kwenye mvua, dereva wa kawaida haurudishi, wakati pua ikiteleza unaondoa mguu kwenye mafuta gari linajirudi. Wenye Forester na gari nyingine za kuvuta miguu yote muda wote, ninyi badilisheni yote manne, kipenyo kikitofautiana mnaua gia za kati.

Upepo nao. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko cha Kijapani. Huna haja ya kujua kusoma, tafuta namba iliyo na kPa. 220 ni PSI 32, 230 ni 33. Vijana wa pancha wana tabia ya kujaza mpaka 40 wakisema ndiyo inaenda mkoa, tairi linabaki limekaa kwa mgongo wa katikati na mvua ikija linateleza. Kupungua nako ndiko kunakopika ubavu mpaka unapasuka. Nunua kipimo chako, pima asubuhi gari halijatembea.

Kabla hujaondoka toa spea nje uikague hivyo hivyo. Ile ndogo ya dharura imeandikwa mwendo wake wa mwisho ubavuni, mara nyingi 80, si ya kufika nayo Mbeya kutoka Mikumi. Ukiwa na muda kesho weka hapa picha ya ubavu wa kila tairi, ionyeshe zile namba nne na maneno yote, nikuambie lipi linakwenda na lipi linabaki Dar.