Limfu ina nini ndani yake? Uliza kwanza imechotwa wapi

Mkuu, umeuliza kama limfu, yale majimaji yanayotoka kwenye tishu na kurudishwa kwenye damu, ni plazma (sehemu ya damu isiyo na chembe) iliyovuja tu, na kwa nini vitabu viwili vinakupa viwango tofauti vya protini. Vyote viwili vinaweza kuwa sahihi, maana limfu ya mguu si sawa na ya ini.

Takriban asilimia 95 ni maji. Sodiamu, kloraidi, glukosi na yurea hukaribiana na za plazma, kwa kuwa hupenya ukuta wa kapilari (mishipa myembamba kabisa ya damu) bila taabu. Kasheshe iko kwenye protini. Plazma ina gramu 7 hivi kwa desilita. Limfu ya mguuni kama 2. Ya utumbo 3 hadi 4. Ya ini hufika 6, kwa sababu kapilari za ini zina matundu mapana yanayopitisha albumini, protini kuu ya plazma. Zikichanganyika kwenye mfereji mkuu wa limfu wa kifuani unapata 3 hadi 5. Fibrinojeni, protini ya kugandisha, imo pia, hivyo limfu huganda, ila polepole kuliko damu.

Kwa upande wa seli, limfu ambayo haijapita kwenye tezi za limfu ina seli chache za kinga: seli T, seli za dendriti, makrofaji za hapa na pale. Ikitoka upande wa pili wa tezi, limfosaiti (aina ya chembe nyeupe) zimeongezeka mara nyingi, sehemu kubwa zikiwa seli T. Ukiona chembe nyekundu tele, shuku sindano kwanza: huenda imetoboa mshipa wa damu. Sampuli ya kuhesabu seli itiwe kwenye chupa yenye EDTA, dawa ya kuzuia kuganda. Kwenye chupa tupu fibrini (nyuzi zinazotokana na fibrinojeni) hunasa limfosaiti, na hesabu inashuka kwa uongo.

Sasa limfu ya utumbo. Baada ya mlo wa mafuta huwa nyeupe kama maziwa. Mgonjwa aliyefunga kula, hata limfu hiyo hutoka ya njano na angavu. Kwa hiyo rangi isikudanganye. Majimaji meupe ya kifuani yazungushe kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi): usaha hutuama chini na juu panaangaza, limfu yenye mafuta hubaki na weupe wake. Halafu pima trigliseridi, yaani mafuta. Zikizidi miligramu 110 kwa desilita, uwezekano ni mkubwa kwamba mfereji wa limfu unavuja. Chini ya 50, tafuta sababu nyingine kwanza.

Matende ya huku pwani yanaelezeka kwa protini hiyo hiyo. Minyoo ya Wuchereria bancrofti ikiharibu mishipa ya limfu, protini iliyopaswa kurudi kwenye damu hubaki kwenye tishu, huvuta maji, na taratibu makovu yanajijenga. Ndiyo maana uvimbe mchanga unabonyea kwa kidole, wa miaka mingi haubonyei. Ndiyo maana pia vidonge vya kukojosha maji haviutibu: maji yanapungua kidogo, protini inabaki, mguu unajaa tena.