Mwanangu, yule mtoto anaota

Mwanangu mpenzi,

Sisi wazima, bibi yako naye goti limepata nafuu. Umeniuliza kuhusu The Steamroller and the Violin, ile filamu ya mwongozaji wa Kirusi Andrei Tarkovsky, ya mtoto Sasha na fidla yake: mwishoni anakimbia kweli au anaota? Na kama anaota, aliyeitengeneza hajatuhadaa?

Anaota. Mama yake amemzuia kutoka, na Sergei, dereva wa lile rola la kushindilia lami, anamngoja nje ya jumba la sinema walikoahidiana kukutana, bila kujua kilichomsibu. Barua ambayo Sasha aliikunja ndege ya karatasi akairusha dirishani haikumfikia Sergei. Ndipo tunamwona Sasha akishuka ngazi mbio, anadandia rola jekundu, wanakwenda zao.

Mimi sioni hadaa hapo. Tangu mwanzo tunatazama kwa macho yake. Mbele ya vioo vya dukani, mji mzima unakatika vipande na kujirudia. Nyumba kuukuu inavunjwa mvua ikinyesha, yeye anaona maajabu. Basi na anachokitamani tukione kwa macho yaleyale. Wakubwa wamemnyima, filamu imempa. Mimi ni mama, yule mwenzangu namwelewa, lakini moyo wangu uko kwa mtoto.

Ninachokipenda kuliko vyote ni lile epo. Kabla ya kuingia kwa mwalimu wa muziki, Sasha anamwachia epo binti anayesubiri zamu. Binti analisukuma mbali, kisha macho hayabanduki. Ndani, mwalimu anamkatiza Sasha kwa mdundo wa kipima-mapigo, kile chombo cha kugonga mwendo wa muziki, hamwachi apige kwa raha yake. Anatoka kanyong'onyea, na epo limeshaliwa. Hakuna aliyesema neno, na mapenzi yote ya utotoni yamo mle.

Tarkovsky aliitengeneza filamu hii mwaka 1960, kazi yake ya kuhitimu chuo cha filamu cha VGIK, Moscow. Mwaka 1962 filamu yake ndefu ya kwanza, nayo ya mtoto na ndoto zake, ikapata Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice. Kwa hiyo usiidharau kazi ya mwanafunzi, hata hizi za vijana wa TaSUBa, chuo chetu cha sanaa hapa Bagamoyo.

Nawe ukija kupiga filamu ya kwako hapa Bagamoyo, mpeleke mtoto wako ufukweni wanakotengeneza majahazi. Fundi amshikishe tezo, kama ulivyokuwa ukishikishwa wewe. Kamera iweke chini, usawa wa macho yake, na usimfundishe la kusema.

Mama yako