Tiki zipi uweke, zipi uache

SWALI: Laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na diski ya GB 120. Najaribu Debian, mfumo endeshi wa familia ya Linux, kwa mara ya kwanza. Kisakinishi kinakaribia kumaliza kisha kinaniletea orodha: GNOME, Xfce, KDE Plasma, Cinnamon, MATE, LXDE, LXQt, seva ya wavuti, seva ya SSH. Niweke tiki kote nisije nikakosa kitu?

JIBU: La, chagua moja tu kati ya hayo majina saba ya mwanzo. Yote yanafanya kazi ileile, yaani madirisha, menyu na mandhari ya skrini, na kila moja huja na terminali yake (dirisha la kuandikia amri), kihariri chake cha maandishi na kipanga mafaili chake. Ukiyasomba yote, menyu itajaa programu pacha usizojua ipi ni ya nani. Kuongeza baadaye ni amri moja, lakini kuondoa kuna usumbufu: ukifuta kifurushi kikuu cha GNOME, vingi vilivyoletwa nacho hubaki mpaka uvifagie kwa `apt autoremove`, na mafaili ya mipangilio yaliyomo kwenye folda yako binafsi hayaguswi.

Kwa GB 4 tungechukua Xfce. GNOME nayo itawaka, ila ukishafungua kivinjari chenye kurasa kumi hivi, RAM itajaa na mfumo utaanza kuhamishia data kwenye diski. Hapo ndipo kipanya kinapoanza kugandaganda.

Sasa angalia orodha kwa makini. Mstari wa juu kabisa, "Debian desktop environment", na ule wa GNOME huwa vimeshawekewa tiki. Wengi huongeza Xfce, wakasahau kuitoa GNOME, wakaishia na zote mbili. Wa juu uache ulivyo, toa tiki ya GNOME, weka ya Xfce. (Wa juu ukibaki peke yake, utakuletea GNOME hiyohiyo.) Kama unatumia kisakinishi cha maandishi, tiki huwekwa na kutolewa kwa kitufe cha nafasi. Enter maana yake ni "endelea", na ukishaibonyeza safari imeanza.

Seva ya wavuti iache: ni Apache, programu ya kuhudumia tovuti, itawaka kila unapowasha mashine na kusikiliza kwenye poti 80 bila wewe kuihitaji. SSH weka ikiwa tu utaiingia laptopu hiyo kutoka kompyuta nyingine. "Standard system utilities" ibaki, ni ndogo na ina manufaa.

Kuhusu Wi-Fi, tangu Debian 12 ya mwaka 2023 programu dhibiti (firmware, zile zinazoendesha vifaa kama kadi ya Wi-Fi) zisizo huria zimo ndani ya kisakinishi chenyewe. Maelekezo ya zamani yanayokutaka uziandae kwenye flashi ya pili yamepitwa na wakati.

SWALI: Niliondoa tiki zote nikidhani nitachagua baadaye. Sasa mashine inawaka na kuishia kwenye skrini nyeusi yenye neno "login". Nisakinishe upya?

JIBU: Hakuna haja. Ingia kwa jina na nenosiri lako, hakikisha una intaneti, kisha andika `sudo tasksel` (sudo huendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi). Orodha ileile itarudi. Au nenda moja kwa moja: `sudo apt install task-xfce-desktop`, halafu `sudo reboot`.

Ikikujibu kwamba sudo haipo au huna ruhusa, basi wakati wa kusakinisha uliweka nenosiri la root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Ungeliacha wazi, mtumiaji wa kwanza angepewa sudo moja kwa moja. Andika `su -`, weka nenosiri hilo la root, kisha `apt install sudo` na `adduser jinalako sudo`, ukiweka jina lako la kuingilia mahali pa "jinalako". Toka kabisa, uingie upya. Kile kistari baada ya `su` usikiache: bila hicho `adduser` haitaonekana, kwa sababu njia za kutafutia amri zinabaki zile za mtumiaji wa kawaida.