Jibu: Njia ya kukimbia nje ya mji wa Tanga
Salaam ndugu. Umeuliza njia ya kukimbia nje ya mji, yenye mto na isiyo na malori. Kwanza angalia mvua. Masika, Machi hadi Mei, udongo wa kando ya Mto Mkulumuzi huteleza vibaya. Miezi hiyo baki Raskazone, mtaa wa ufukweni mjini Tanga, kuna upepo wa bahari.

Kukikauka, nenda Amboni. Mapango ya Amboni yapo kama kilomita 8 kaskazini mwa mji, upande wa barabara ya Horohoro, iendayo mpaka wa Kenya. Malori yako hapo barabarani, kwa hiyo mimi hupanda daladala mpaka njia panda, ndipo naanza kukimbia njia ya vumbi kuelekea mtoni. Toka alfajiri na maji yako, joto la pwani halingoji saa nne. Na usiingie mtoni kuoga kabla hujawauliza wenyeji habari za mamba.