Nani anamsikiliza akisoma?

Swali lenu la wiki hii liliuliza: mtoto wa miaka 8 anayesomeshwa nyumbani, na bado anasoma kwa kusitasita, avumiliwe au apelekwe shule? Nililisoma nikiwa kwenye cherehani, nikashindwa kuendelea na kazi. Mwanangu ana miaka 8. Anasomea nyumbani, hapa Mombasa, mwalimu wake ni mimi, na anasoma polepole.

Jibu langu la kwanza ni kwamba asipelekwe popote. Nimechoka na wageni wanaomaliza chai kisha wanamwita mtoto, wanamfungulia gazeti, "Hebu tusomee hapa." Iddi iliyopita jamaa yetu mmoja alimfanyia hivyo mbele ya binamu zake. Mwanangu alisimama na lile gazeti mpaka likaanza kutikisika mikononi. Binamu wa miaka 6 akamsomea. Na mimi, badala ya kumwondolea gazeti, nikamwambia, "Si jana tu ulilisoma neno hilo?" Uso alioufanya sijausahau.

Lakini mnauliza asomee wapi. Mimi ningeuliza kwanza anasoma kwa lugha gani, na anayemsikiliza amekaa vipi.

Hatukupanga kusomesha nyumbani. Shule zilipofungwa Machi 2020, dada yake nilimfundisha mwenyewe mpaka zilipofunguliwa zote Januari 2021, na akasoma kama anayecheza. Kwa hiyo huyu mdogo sikumpeleka kabisa. Nikamtolea vitabu vilevile vya dada yake, vya Kiingereza. Sera ya elimu ya nchi hii inasema tangu miaka ya 1970 kwamba madarasa matatu ya mwanzo mtoto afundishwe kwa lugha ya pale anapoishi. Nililijua hilo, ila nilijiona nampa mwanangu kilicho bora. Basi akiona "one" anasoma o-ne, namwambia hapana, ni "wan". Akasoma "no", nikasema vyema. Akasoma "do" vivyo hivyo, nikasema kosa. Mtoto alikuwa akifuata kanuni niliyomfundisha mwenyewe, nami namkosoa kwa kuifuata. Mwishowe akaacha kusoma, akawa anakisia: anatupia jicho kitabu, anautazama uso wangu, anataja neno, anautazama tena.

Sasa niwaeleze habari ya kanga. Mimi ni fundi, na msimu wa harusi huletewa doti kwa mafungu nikate na kupinda. Mnajua doti inavyokuja: pande mbili zimeshikana, kila mmoja na mji wake katikati na pindo kuzunguka, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa, la upande huu ndilo jina la upande wa pili. Mwanangu kazi yake ilikuwa kunishikia ncha nikate. Alasiri moja umeme ulikuwa umepotea, nami nilikuwa kwenye cherehani ya miguu. Alipomaliza kunishikia akaketi sakafuni, nyuma ya kiti changu, na zile doti. Nikaanza kupinda. Nikasikia, "Na. O. Go. Pa."

Sikugeuka. Ukiuachia mpindo unakwenda upande, na kanga ya watu hairudiwi.

"Naogopa si-mba. Naogopa simba na me-no ya-ke." Akanyamaza. Nilikuwa nimefika pembeni, nageuza kitambaa. "Si-o-go-pi m-tu kwa me... kwa meno..." Akasita. "Mama, mtu na meno tena?"

Nikafungua mdomo nimwambie, na uzi ukakatika. Nikainama kuutunga upya, taa hakuna, tundu la sindano silioni. Huenda nilichukua dakika nzima, na ile dakika nyuma yangu palikuwa kimya kabisa. Nilipoupitisha tu nikasikia, "Ma. Ma-ne. Maneno! Siogopi mtu kwa maneno yake!" Akacheka kwa sauti. Kisha akauvuta upande wa pili wa ile doti, wenye jina lilelile, akalisoma lote kwa pumzi moja. Akataka doti nyingine. Siku hiyo alisoma majina 11, kila moja mara mbili, kwa herufi kubwa zisizomkimbia machoni, na mimi nikapinda mpaka nikashindwa kuona pindo.

Usiku sikulala. Miaka miwili nimemwambia "rudia", naye analichukia neno hilo, kumbe upande wa pili wa doti ulimpa kurudia bila mtu kumwamuru. Maneno aliyajua kabla hajayasoma, kwa hiyo alipokosea alijisikia mwenyewe kwamba mtu haogopwi kwa meno. Kubwa zaidi, uso wangu hakuuona. Alikuwa na mgongo wangu tu, na mgongo haukasiriki.

Tangu siku ile anasoma nyuma yangu nikishona. Kiingereza tulikiweka kando mwaka mzima. Hadithi moja tunaisoma siku tatu mfululizo, ndipo tunaichukua nyingine. Akikwama nahesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kusema kitu, na hilo ni gumu kuliko kushona suti. Ukimmalizia neno umemnyang'anya.

Lakini mtu asichukue maneno yangu akakaa nayo tu. Mwanangu tulimpima macho, tukampima na masikio, yote mazima. Mtoto ambaye silabi alizozijua Jumatatu hazipo Alhamisi, mwezi baada ya mwezi, tena kwa lugha yake mwenyewe, apelekwe kwenye vituo vya serikali vya kutathmini watoto, vile vya EARC. Vipo tangu 1984. Mimi nilichelewa kwenda popote kwa hofu ya kuulizwa kwa nini hayuko shule, maana Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke. Hofu ile ilikuwa yangu, na aliyecheleweshwa ni yeye.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na hakika. Sasa nimefika hapa na naona kwamba kilichomsaidia mwanangu ni kusikilizwa na mtu asiye na wasiwasi naye, na duniani hakuna mwenye wasiwasi naye kunishinda mimi. Mwezi uliopita alimsomea jirani yetu, mwalimu mstaafu, ukurasa mzima. Kwangu nusu ukurasa ni vita. Kwa hiyo avumiliwe, ndiyo, lakini pengine si na mama yake peke yake.

Kuna shule ndogo mtaa wa pili, darasa halina watoto wengi. Nimechukua fomu ya Januari. Nitamwomba mwalimu jambo moja, kwamba muhula wa kwanza asimsimamishe mbele ya wenzake kusoma kwa sauti. Akikataa, tunarudi kwenye kanga zetu. Akikubali, sijui bado. Dada yake anasema nitalia mimi kabla ya mtoto.

Fomu iko mezani, chini ya mkasi. Imeandikwa Kiingereza. Jana jioni aliivuta, akaweka kidole kwenye neno la kwanza, akasoma "na-me", akangoja kidogo, kisha bila kunitazama akajisahihisha: "Neim."