Picha 240 zimefika 197: flashi haina kosa

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nauza vitenge Mtaa wa Uhuru, Kariakoo. Picha za mzigo nazipanga nyumbani Mbagala kwenye kompyuta yenye Ubuntu, kisha nazibeba kwa flashi hadi dukani, ambako kuna Windows. Kila kitenge kina namba: KT12a ni picha ya doti, KT12A ni ya jora. Juzi nimekopi picha 240, dukani nikakuta 197. Wakati wa kukopi iliniuliza kama ibadilishe faili lililopo, nikabonyeza ndiyo kwa zote. Flashi mbovu, au ni virusi?

JIBU: Nzuri, dada. Flashi yako ni nzima na virusi hawahusiki. Picha 43 zimefunikwa na wenzao, na ile "ndiyo kwa zote" ndiyo iliyozifunika. Kama za Mbagala hujazifuta, hujapoteza kitu.

Tatizo ni herufi. Diski ya Ubuntu kwa kawaida hupangwa kwa ext4, yaani mtindo wa kuhifadhi mafaili kwenye diski, na kwa ext4 jina la faili ni mfululizo wa namba tu: A ni 65, a ni 97. Namba tofauti, faili tofauti, kwa hiyo KT12a.jpg na KT12A.jpg hukaa folda moja bila kugombana. Flashi nyingi hupangwa kwa mitindo mingine, FAT32 au exFAT. Hizi hutunza jina jinsi ulivyoliandika, lakini zikitafuta faili hazijali herufi kubwa wala ndogo. Ndiyo maana watu hudanganyika: macho yanaona a na A, flashi inaona jina moja.

Tufuate picha moja. Programu ya mafaili imeshapeleka KT12a.jpg. Inafika zamu ya KT12A.jpg, inauliza flashi: jina hili lipo? Flashi inajibu lipo. Basi unaletewa kidirisha: nibadilishe? Mimi kidirisha hicho nakilaumu kuliko ninavyokulaumu wewe, maana kingeweza kukuonya wazi kwamba majina mawili yanatofautiana kwa ukubwa wa herufi tu. Ulipokubali, picha ya jora iliandikwa juu ya ile ya doti, na mara nyingi jina linalobaki ni lile lililotangulia. Fungua KT12a kwenye flashi, usishangae kukuta jora. Kwa hiyo tafadhali usimtumie mteja picha yoyote ya flashi hiyo. Atalipia doti akisubiri jora.

Ukifika nyumbani, fungua teminali (dirisha la kuandikia amri) ndani ya folda ya picha, andika:

ls | sort -f | uniq -Di

Amri hii inaorodhesha majina yanayofanana ukiacha ukubwa wa herufi. Yakitoka 86, yaani jozi 43, hesabu yako imetimia. Yabadilishe yawe KT12-doti.jpg na KT12-jora.jpg, futa za kwenye flashi, kopi upya.

Usihangaike kuipanga flashi upya kwa NTFS, mtindo wa diski za Windows, kwa sababu Windows huko nako kwa kawaida haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Tangu 2018, Windows 10 toleo la 1803 inaruhusu folda moja moja ya NTFS kutofautisha herufi, ila kwenye kompyuta ya duka nisingethubutu. Programu nyingine huchanganyikiwa. Kuzifunga picha kwenye faili moja la zipu pia ni kuahirisha tu, ugomvi utaanza utakapozifungua dukani.

Kuna usumbufu mwingine wa ukoo huohuo utakaokutana nao. Ukiwa kwenye flashi ukataka kugeuza kt15-doti.jpg iwe KT15-doti.jpg, programu nyingine hugoma na kudai jina limeshatumika. Lililotumika ni lake lenyewe! Programu iliyotengenezwa vizuri hulinganisha namba ya utambulisho ya faili, ikagundua ni lilelile, ikakuruhusu. Yako ikigoma, lipe kwanza jina la muda, mfano x15.jpg, kisha KT15-doti.jpg.